Hazina kichwa wala miguu? Tunayoambiana kuhusu filamu za majaribio mtandaoni

Ukimwambia mtu hapa Mbeya kwamba jana usiku ulikuwa unaangalia filamu ya dakika nne isiyo na mtu, isiyo na neno, isiyo na sauti hata ya inzi, atakuuliza kama bando ulipewa bure. Mimi nimeshaulizwa. Miaka kadhaa sasa natafuta mtandaoni filamu fupi za majaribio, yaani zisizofuata hadithi ya kawaida, na sanaa ya video, yaani video zinazotengenezwa na wasanii kwa ajili ya majumba ya sanaa, na kila ninapomwonyesha mtu nasikia maneno yaleyale. Mengine niliyaamini hata mimi.

"Zile mpaka uwe umesoma." Hili nalisikia kuliko yote, na aliyelivunja ni mama mdogo wangu, bila kukusudia. Ilikuwa Jumapili ya mvua, anapukuchua maharage, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Nilikuwa naangalia Meshes of the Afternoon, filamu ya dakika 14 ambayo Maya Deren na mumewe Alexander Hammid waliitengeneza Marekani mwaka 1943. Akaona ua limewekwa barabarani, ufunguo unadondoka kwenye ngazi, kisu kwenye mkate, halafu mtu aliyejifunika vazi jeusi na pale penye uso pana kioo. Nikajiandaa kumweleza. Akaniwahi: "Si ndoto hiyo? Wewe unakimbia, yeye anatembea tu, na humfikii." Ndicho hasa kinachotokea: mwanamke anamkimbilia yule wa kioo, na mwenzake anazidi kutokomea kwa mwendo wa kutembea. Mama mdogo akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu filamu hiyo kabla sijaelewa jambo hilo moja.

Kosa letu ni kukidai hadithi kila kitu kinachocheza kwenye kioo cha simu. Kitenge hatukiulizi kinasimulia nini. Tunatazama rangi, tunatazama ua linavyojirudia, basi. Filamu nyingi za aina hii zinataka jicho la namna hiyo.

"Hayo ni mambo ya Wazungu." Nusu ni kweli, maana waliokuwa na uwezo wa kununua utepe wa filamu na kamera zamani hizo ndio waliojaza maghala ya filamu. Lakini mtafute William Kentridge wa Johannesburg. Tangu mwaka 1989 amekuwa akitengeneza filamu kwa kuchora na mkaa: anachora, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena kwenye karatasi ileile, anapiga nyingine. Alama za kilichofutwa zinabaki, kama ubao wa darasani uliofutwa haraka huku hesabu za jana zikisomeka chini ya somo la leo. Yeyote aliyekaa dawati la nyuma anajua ubao huo. Mtafute pia Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, au Djibril Diop Mambéty, aliyeupiga picha mji wa Dakar kwa kejeli katika Contras' City mwaka 1968.

Wengine hudhani YouTube itawaletea yenyewe. Haileti. Programu ile inakupa kinachofanana na ulichoangalia jana, na kama jana ulikuwa kwenye vichekesho na mpira, kesho utakuwa palepale. Mimi naokota jina moja, nalifuata. Jina la msanii linanipeleka kwa wasambazaji wake, wasambazaji wana orodha, na orodha ina majina kumi nisiyoyajua. Kuna sehemu za kuanzia pia. Taasisi ya filamu ya taifa ya Kanada, NFB, imeweka kazi zake nyingi bure kwenye tovuti yake, na humo kuna za Norman McLaren aliyechora moja kwa moja juu ya utepe wa filamu. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina mkusanyiko wa Prelinger, wa filamu za zamani za matangazo na mafunzo. UbuWeb, ghala la mtandaoni la sanaa ya majaribio, ilianza mwaka 1996, nyingi ya kazi zake ziliwekwa bila kuomba ruhusa, na mwenye tovuti hakuwahi kuficha hilo. Kwa hiyo ukikuta kitu mtandaoni usidhani ni mali ya wote, ukapakua na kukibandika kwenye video ya harusi ya mteja.

Kuhusu bando: video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 7.5 kwa dakika. Filamu ya dakika 14 ni kama MB 105. Mechi ya dakika 90 kwa ubora uleule ni MB 675, na hiyo hatuulizani.

Ila kwenye kubana ubora ndipo nilipoumia. Stan Brakhage, Mmarekani, mwaka 1963 alitengeneza Mothlight bila kamera kabisa. Alichukua mabawa ya nondo, majani na vipande vya maua, akavibana katikati ya tepu mbili zinazopitisha mwanga, utepe ukapita kwenye mashine. Nikaiangalia kwa 144p, ubora wa chini kabisa, ili niokoe MB. Nikaona miraba ya kahawia inarukaruka. Nikampelekea rafiki yangu wa Mwanjelwa, fundi wa kuhariri video za harusi, akatazama sekunde tano: "Faili limekufa hilo, shusha upya." Tukaangalia pia spika, maana haina sauti. Kumbe ni filamu ya kimya tangu mwanzo.

Miraba nayo ina sababu. Video ya mtandaoni haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi kilichobadilika kutoka picha moja hadi inayofuata. Bibi harusi akisimama mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki, kazi ni rahisi. Kwa Brakhage kila picha ni bawa jipya, hakuna cha kuazima kutoka iliyotangulia, mashine inazidiwa na kumwaga miraba. Tulipoirudia kwa 720p, ubora wa juu zaidi, fundi akanyamaza, akaisimamisha, akahesabu mishipa kwenye bawa.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba nakala yoyote ni ileile. Ile ya Deren haikuwa na muziki mwanzoni. Muziki wa Teiji Ito uliongezwa mwaka 1959, na mtandaoni utakuta nakala ambazo watu wamezipachikia ngoma zao wenyewe. Na kwa sanaa ya video ni balaa zaidi. Kazi nyingi za majumba ya sanaa huuzwa kwa nakala chache zenye namba, hivyo unachokiona bure huwa ni kionjo. Vertigo Sea ya John Akomfrah, ya mwaka 2015, ni dakika 48 kwenye skrini tatu kubwa zilizopangwa sambamba. Kipande cha dakika mbili kwenye simu ni kama kunusa ndizi za Tukuyu ukiwa ndani ya basi linalopita.

Imebaki ile ya "lazima uwe na kamera nzuri". Mvua za Novemba zilipoanza, kumbikumbi walijaa kwenye taa ya nje, asubuhi sakafu yote ni mabawa. Mtoto wa jirani, ambaye alishaiona ile ya nondo kwangu, alikuja na gundi ya karatasi, ile ya utepe. Akapanga mabawa kama hatua mbili urefu, akafunika kwa utepe mwingine, akaubandika kwenye kioo cha dirisha linalopokea jua la asubuhi. Kisha akaomba simu ya mama yake, akaipitisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono ulitetemeka katikati. Akataka kurudia, lakini simu ikaita.