Tuzo za miradi ya lugha: tunayoambiana stafurumu na yaliyo kweli

Ikitajwa tu tuzo ya ubunifu katika kufundisha lugha, walimu huku kwetu Kisumu na hata wa Vihiga na Busia wanacheka, ati hizo ni za wazungu na shule za mabwenyenye. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na hizi stori zimenichosha, wacha nizijibu.

"Kama hamna tableti na intaneti usijisumbue."

Hii ndiyo inaua walimu wengi moyo na si kweli. Chukua tuzo ya Ulaya inayoitwa European Language Label, ilianza kwa majaribio 1998 na kila nchi inatunuku miradi yake. Sisi Wakenya hatuwezi kuiomba, lakini vigezo vyake visome tu: mradi uguse kila upande, yaani mwanafunzi, mwalimu, mbinu na vifaa, ulete faida kwa nchi yenyewe, utie watu hamu ya kujifunza, uwe na ubunifu, uwe na sura ya Ulaya, halafu mtu mwingine aweze kuuchukua akautumie kwake. Kompyuta umeiona hapo? Na hicho cha mwisho kwangu ndicho kitamu, manake mradi unaotegemea mashine za shule moja utahamia wapi? Lakini ukiwatuma watoto wa gredi ya tatu wakusanye vitendawili kwa nyanya zao, waviandike kwa karatasi za manila wasomeane kila Ijumaa, mwalimu wa Mumias akisikia leo anaanza wiki ijayo. Na kama bado unabisha, Peter Tabichi alishinda Global Teacher Prize, tuzo ya dunia ya walimu, 2019, dola milioni moja, akitoka Keriko pale Njoro, shule ya kutwa ya kijijini iliyokuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha.

"Huyo Tabichi ni wa sayansi, sisi wa lugha hatuonekani."

Mshindi wa kwanza kabisa wa hiyo tuzo ya Tabichi, 2015, alikuwa Nancie Atwell wa Marekani, mwalimu wa kusoma na kuandika. Siri yake ni vitabu vingi darasani na mtoto kujichagulia anachotaka kusoma, basi. Halafu 2020 akashinda Ranjitsinh Disale wa India, huyu alikuta vitabu vya shule haviko kwa lugha ya watoto wake, akajifunza Kikannada, akavitafsiri na kuviwekea misimbo ya QR, ile ya kuskani kwa simu, ya kufungua masomo ya sauti na video. Ni kweli hapo teknolojia imo, lakini ilikuja baada ya lugha.

"Lazima iwe Kiingereza ama Kifaransa, lugha ya mama ni kurudisha watoto nyuma."

Hapa nikianza sinyamazi. Kuna tuzo ya UNESCO inaitwa King Sejong, inafadhiliwa na serikali ya Korea tangu 1989, na inachotafuta hasa ni watu kujua kusoma na kuandika kwa lugha zao za mama. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 7 inaiambia serikali iendeleze lugha za kiasili, lugha ya ishara na breli, na mtaala wetu wa umilisi, CBC, unataka watoto wa chini mpaka gredi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Sasa nenda darasani uone. Mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu utapata Mjaluo, Mluhya na Mkisii kwa dawati moja, hapo Kiswahili ndicho kinawashika wote. Kule mashambani shida ni nyingine, mtu anasema "tuletee kitabu cha Kiluhya" kana kwamba Mbukusu na Mragoli, wote Waluhya lakini lahaja zao tofauti, wanasoma kitu kimoja, na mwalimu mwenyewe pengine ametumwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, kutoka mbali hajui hata salamu ya pale. Hayo ndiyo matatizo yanayozaa mradi wa tuzo! Lakini sisi tuliovalishwa disk, kile kibao cha adhabu, shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani, wengine wetu leo ndio tunaivalisha wengine.

"Ni wazo tu linatakiwa."

Hapana. Majaji wanataka kazi iliyofanyika na matokeo yake. Pima watoto kabla hujaanza, pima tena baadaye. Tusome, ule mpango wa kusoma wa madarasa ya chini, ilipoingia shule zote za msingi za umma 2015 ilituzoesha kuhesabu maneno anayosoma mtoto kwa dakika, hesabu hiyo inatosha kabisa, haidai profesa.

"Ukishinda umeomoka."

Inategemea. Kwa nchi nyingi za Ulaya ile Label ni cheti na sifa tu. King Sejong ni dola 20,000 kwa kila mshindi, hizo si haba, lakini huwezi kujipendekeza mwenyewe. Jina lako lipelekwe na serikali kwa kushauriana na tume ya kitaifa ya UNESCO, kwetu ni KNATCOM iliyo Nairobi, ama na shirika lenye ushirikiano rasmi na UNESCO. Kwa hivyo uwatafute mapema, ukiwa na hesabu zako za kabla na baada mkononi, si wiki ya mwisho ndio unaanza kuuliza fomu inapatikana wapi.