Marekebisho stahiki ni nini?

Marekebisho stahiki ni badiliko linalofanywa kwenye kazi, chombo au mahali ili mtu mwenye ulemavu aweze kufanya kazi au biashara sawa na wengine, bila kumtwisha mwajiri mzigo asioumudu. Hupangwa kwa ajili ya mtu mmoja, baada ya kuzungumza naye. Ufikivu ni jambo jingine: huo huandaliwa mapema kwa yeyote atakayekuja.

Chukua duka la Mji Mkongwe, Bagamoyo. Mlango wa kuchonga una mbao mbili na mfaa katikati, yaani ubao mwembamba unaofunika maungio yake. Ukifunguliwa ubao mmoja, kiti mwendo hakipiti. Fungua zote mbili, upime: upana usipungue sm 80. Kizingiti kisikatwe, maana majengo yale ni ya kale. Mteremko wa mbao wa kuweka na kuondoa unatosha. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sm 10 kinahitaji mteremko wa sm 120. Baraza ya sm 45 ingehitaji mita 5.4, na vichochoro vile havina nafasi hiyo. Basi muuzaji atoke amhudumie mteja nje, wala asihesabu kwamba amefanya hisani.

Mafundi wengi wakibanwa na nafasi hufupisha mteremko, na kiti hupinduka kinyumenyume. Wengine huweka vigae, mvua ikinyesha vikateleza. Uso uwe wa kukwaruza, na pembeni pawe na ukingo wa sm 5 gurudumu lisichopoke.

Kizuizi si ngazi tu. Kwenye mnada wa samaki bei hutajwa kwa mdomo, kwa hiyo mnunuzi kiziwi hupitwa hata akiwa mstari wa mbele. Mnadi akiiandika ubaoni, gharama ni chaki.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Wapo wanaotimiza hesabu na kuishia hapo. Baada ya kuajiri, muulize mhusika faraghani ni kazi gani inamkwamisha na kwa nini. Habari za ugonjwa wake hazikuhusu. Kubalianeni badiliko, liandikwe, lijaribiwe wiki chache, kisha mlipitie tena. Na mkague choo: mlango ufunguke kwa nje, la sivyo kiti kikishaingia haufungiki.