Udhibiti wa kodi ya nyumba: maana yake kwa mwenye ploti ndogo

Udhibiti wa kodi ya nyumba ni pale sheria inapoingia kati ya mwenye nyumba na mpangaji kwa mambo mawili: kuweka kikomo cha kodi, na kuweka masharti ya kumtoa mpangaji. La kwanza ndilo linalotajwa sana. La pili ndilo linalomkuna mwekezaji mdogo mfukoni. Kenya ina sheria mbili za namna hii, na mtu aliyejenga ploti yenye maduka mbele na vyumba nyuma anaweza kuwa chini ya zote mbili asijue.

Tuanze na vyumba. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura ya 296, ilitungwa mwaka 1959, na inazihusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ukimtajia landilodi wa Githurai kiwango hicho atacheka. Nyumba gani hiyo ya 2,500? Kwa hiyo wengi huamua kwamba sheria imekufa yenyewe: natoza 4,000, hainihusu.

Hapo ndipo pa kusoma polepole. Sheria inataja kodi ya msingi, na kodi ya msingi si lazima iwe ile unayotoza. Kama nyumba ilikuwa na mpangaji tarehe 1 Januari 1981, kodi ya msingi ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo. Kama haikuwa imepangishwa, au ilikuwa haijajengwa, Baraza la Kodi za Nyumba ndilo linaloikadiria: asilimia 1.25 hadi 1.5 kwa mwezi ya gharama ya ujenzi ukijumlisha na bei ya soko ya ardhi.

Chukua chumba cha mabati ambacho pamoja na kipande chake cha ardhi kina thamani ya shilingi 120,000. Kodi yake ya msingi itaangukia kati ya 1,500 na 1,800. Mwenye nyumba akitoza 4,000, kwa maneno ya sheria chumba hicho bado kiko ndani ya udhibiti, na ametoza zaidi ya mara mbili ya inavyoruhusiwa. Sasa chukua bedsita ya mawe iliyogharimu 450,000 pamoja na ardhi. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, kodi ya msingi ni 5,625, na nyumba imetoka nje ya sheria. Ukiigeuza hesabu unapata mpaka wenyewe: nyumba ambayo gharama yake na ardhi yake inazidi 200,000 haidhibitiwi tena, maana asilimia 1.25 ya hapo tayari ni 2,500. Kati ya takriban 167,000 na 200,000 inategemea Baraza litachagua kiwango gani.

Kiwango chenyewe si cha kumnyonga mwenye nyumba. Asilimia 1.25 kwa mwezi ni 15 kwa mwaka, na 1.5 ni 18, kabla ya matumizi. Mwenye flati Kilimani angeshangilia mapato hayo. Tatizo ni kwamba gharama ya ujenzi iliyoandikwa zamani haikui pamoja na bei ya unga. Aliyejenga miaka ya tisini kwa pesa za miaka ya tisini anahesabiwa kwa pesa hizo. Anaweza kuomba nyongeza akifanya maboresho ya jengo lenyewe, lakini kupaka rangi na kuziba paa linalovuja hakuhesabiwi kuwa maboresho.

Athari yake kwa mjenzi wa leo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ujenzi wa mawe umeshavuka mpaka zamani. Walio ndani ni wenye vyumba vya bei ya chini kabisa, na huko ndiko sheria isikofika: mpangaji wa Mathare hafungui kesi kwa ajili ya shilingi 800, na mara nyingi landilodi wake hana hata hati ya ardhi. Ukiniuliza, sheria inayomlinda mtu asiyeweza kuifikia, huku ikimtisha mwekezaji isiyemhusu, inahitaji kuandikwa upya. Bunge limewahi kuletewa mapendekezo ya kupandisha kiwango hadi 30,000. Likipita jambo kama hilo, karibu kila ploti ya mtaani itaingia ndani kwa siku moja, na mwenye mkopo wa benki wa miaka kumi anapaswa kulifikiria kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu kumtoa mpangaji, nyumba iliyodhibitiwa ina utaratibu wake. Lazima uwe na sababu inayokubalika: malimbikizo ya kodi, kero kwa majirani, kuitumia nyumba kwa jambo la haramu, kumpangisha mtu mwingine bila idhini yako, au wewe mwenyewe kuihitaji kuishi. Hata ukiwa nayo, Baraza ni lazima liridhike kwamba ni haki kukurudishia nyumba. Huwezi kukamata vyombo vya mpangaji kufidia kodi bila ruhusa ya Baraza. Zile mbinu za keateka, kama kufunga mlango kwa kufuli la pili, kukata stima au kung'oa mabati, ni kosa la jinai pale zinapotumiwa kumlazimisha mtu ahame. Kwa hiyo mwekezaji anayepiga hesabu ya mapato aweke humo miezi kadhaa ambayo chumba kina mtu na hakiingizi kitu.

Tukija mbele ya ploti, kwenye kinyozi, duka la M-Pesa na kibanda cha chapati, mambo ni tofauti kabisa. Maduka, hoteli na mikahawa vina sheria yake, Sura ya 301 ya mwaka 1965, na hiyo haitazami kodi ni kiasi gani. Inatazama mkataba. Kama hakuna mkataba wa maandishi, upangaji unadhibitiwa. Kama upo lakini ni wa miaka mitano au chini, unadhibitiwa. Kama ni mrefu zaidi ila una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka mitano bila kosa la mpangaji, unadhibitiwa vilevile. Maelewano ya mdomo na kinyozi, yale yanayoonekana kama uhuru mtupu, ndiyo yanayokufunga zaidi.

Chini ya sheria hiyo, kupandisha kodi au kumtoa mpangaji kunahitaji notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili. Mpangaji akipinga kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe kufika, notisi inasimama mpaka uamuzi utoke. SMS ya "kuanzia mwezi ujao ni elfu nane" haina nguvu yoyote. Ndiyo sababu mawakili huandika mikataba ya miaka mitano na miezi kadhaa juu yake.

Kwingine mipaka huchorwa kwa njia nyingine. New York hutazama ukubwa na umri wa jengo: kwa kawaida nyumba sita au zaidi, zilizojengwa kabla ya 1974, hivyo mwenye jengo dogo hubaki nje. Tanzania ilifuta sheria yake ya udhibiti mwaka 2005, na mpangaji wa Dar es Salaam anayetakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaijua tofauti.

Kuna na ushuru. Kenya hutoza asilimia 7.5 ya kodi yote inayokusanywa kwenye nyumba za kuishi, bila kutoa matumizi, kwa anayepata zaidi ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Vyumba kumi vya 4,500 ni 540,000, na ushuru 40,500. Chini ya 288,000 mapato hujazwa kwenye ritani ya kila mwaka.

Anayenunua ploti iliyokwisha kujengwa hununua pamoja na wapangaji na haki zao. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe mkataba wa kila duka, notisi zote alizowahi kutoa, na kesi yoyote iliyo mbele ya mabaraza hayo mawili.