Bibi hajawekewa umeme

Elektrodi ni vile vibandiko vidogo vyenye jeli katikati, vinavyobandikwa kifuani au mikononi na miguuni, nyaya za mashine zikabanwa juu yake ili mwenendo wa moyo usomeke kwenye kioo au karatasi.

Kinachoniuma ni kauli ninayoisikia kila wiki koridoni mwa hospitali hapa Mbeya: "Bibi amewekewa umeme." Mwezi wa Julai bibi mmoja alinishika mkono nikiwa kwenye kibandiko cha tatu. "Mjukuu wangu, usinichome."

Hofu yake ina asili. Umeme, kabla ya nguzo na mita za LUKU, ni ule wa mawinguni unaotangulia radi, na huku nyanda za juu radi tunaijua, imeua ng'ombe na watu. Neno lilipohamia kwenye waya lilihama na hofu yake. Elektrodi lina asili tulivu zaidi. Kwa Kigiriki elektron ni kaharabu, utomvu wa miti wa kale ulioganda kama jiwe, ambayo ukiisugua kwa kitambaa huvuta vipande vya nyasi kavu. Hodos ni njia. Mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza aliliandika mwaka 1834: njia ya umeme. Lakini njia huendwa pande mbili, na hapa safari ni ya kutoka mwilini kwenda kwenye mashine. Moyo ndio unaozalisha. Unaofika kwenye ngozi ni kama milivolti 1, wakati betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani mara 1,500 ya huo. Mashine ya kushtua moyo ipo, lakini ni nyingine kabisa, na kazi yake ni nyingine.

Basi nikamfuta bibi mafuta ya mgando kifuani, maana kibandiko hakishiki juu ya mafuta, nikamkausha, nikabandika upya. Mstari ukatoka na meno kama ya msumeno. Ilikuwa baridi tu: misuli inayotetemeka nayo ina umeme wake, na mashine huusoma pia. Tulipomfunika blanketi la pili, ukatulia. Nikamgeuzia kioo. "Huo ni moyo wako, bibi. Wewe unatuma, sisi tunapokea." Akautazama muda mrefu, mkono wake ukaniachia.

Kwa hiyo ndugu akikuuliza mlangoni, mwambie bibi anapimwa umeme wa moyo wake. Hilo "wake" naomba usiliache.