Malisho Yapo, Ila Yamefungwa: Mvua ya Januari katika Nchi ya Wasami

Mwezi wa Januari katika uwanda wa Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, ulizoeleka kuwa mwezi mkavu. Jua huwa halijachomoza kwa wiki kadhaa, kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na theluji inayoanguka huwa nyepesi kama unga uliochekechwa. Theluji ya namna hiyo haiwasumbui reindia. Wao huinusa, wakatambua kwamba chini yake kuna chakula, kisha huichimba kwa kwato za mbele hadi wafike ardhini. Kinachowasumbua ni mvua, na katika miaka ya karibuni mvua inayonyesha katikati ya majira ya baridi imekuwa ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu.

Niseme kwanza kuhusu jina. Reindia ni mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe zenye matawi, dume na jike wote wawili, naye hufugwa kwa makundi kama tunavyofuga ng'ombe. Wako wanaomwita kulungu wa kaskazini, nami sipendi, kwa kuwa kulungu tunayemjua ni mnyama wa vichakani mwenye undugu na tandala na pofu. Wanaomfuga huku ni Wasami, wenyeji wa asili wa eneo wanaloliita Sápmi, ambalo leo limegawanyika kati ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Mimi ni mtaalamu wa ikolojia ya malisho; nilianzia katika nyanda za Simanjiro, nikaja huku kusoma, nikabaki.

Mvua ikinyesha juu ya theluji, maji hayabaki juu. Hupenya tabaka kwa tabaka hadi ardhini, ambako udongo umekwisha kuganda, na hapo hugeuka kuwa bamba la barafu lililoshikamana na mimea yenyewe. Baada ya siku moja au mbili baridi hurudi, theluji mpya huanguka juu, na mtu apitaye barabarani haoni tofauti yoyote. Chini yake, hata hivyo, chakula cha miezi kadhaa ijayo kimefungwa. Chakula hicho kwa sehemu kubwa ni likeni, kiumbe kinachotokana na kuvu na mwani wanaoishi pamoja, ambacho hukua milimita chache tu kwa mwaka, kina wanga mwingi na protini kidogo, na ambacho reindia ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoweza kukimeng'enya vizuri. Likeni iliyo ndani ya barafu haijaharibika. Bado ina lishe ile ile, ila kwato hazifiki.

Mfano mchungu kuliko yote ulioandikwa kwa kina ni wa rasi ya Yamal, nchini Urusi, kwa wafugaji wa Kinenet. Mvua ya Novemba 2006 iliua reindia wapatao 20,000. Ile ya Novemba 2013 ilifunga malisho kwa upana zaidi, na reindia wapatao 61,000 kati ya takriban 275,000 wakafa kwa njaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uliyahusisha matukio yote mawili na kupungua kwa barafu katika Bahari ya Barents na Bahari ya Kara, kwa maana kwamba bahari iliyokosa kifuniko chake mwanzoni mwa majira ya baridi hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo ukifika nchi kavu huanguka kama mvua. Kati ya 1979 na 2021 ukanda wa Aktiki uliongezeka joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima, na sehemu ya sababu iko hapo hapo baharini: theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali maji yaliyo wazi humeza zaidi ya asilimia 90.

Hata hivyo si kila mahali mvua huleta maafa. Katika visiwa vya Svalbard, vilivyo mbali zaidi kaskazini, reindia wa mwituni wameongezeka katika miongo ya karibuni kwa sababu majira ya joto yamerefuka na mimea imestawi, ingawa mvua za baridi huko nazo zimezidi. Mwaka ambao barafu imefunga mabonde, baadhi yao huteremka hadi ufukweni wakala mwani uliotupwa na mawimbi. Mwani si chakula chao, lakini huwavusha. Huwa nawafikiria wanyama hao kila ninapoulizwa iwapo ufugaji wa Wasami utahimili mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu kinachowaokoa ni kuwa na mahali pengine pa kwenda, na hicho ndicho ambacho wafugaji wa bara wamepunguziwa mwaka hadi mwaka na watu ambao wengi wao hawakuwa wakiifikiria hali ya hewa hata kidogo.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa hilo. Katika mwaka wangu wa pili nilitengeneza ramani ya malisho ya baridi ya siida moja, yaani umoja wa familia zinazochunga pamoja, nikitumia picha za setilaiti zilizoonyesha wingi wa likeni. Ilikuwa ramani nzuri, yenye kijani kilichokolea mahali penye likeni nyingi. Mzee mmoja wa siida hiyo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kwamba hii ni ramani ya mwezi gani. Sikuwa na jibu, maana haikuwa ya mwezi wowote.

Katika Kisami cha Kaskazini kuna neno guohtun, ambalo wataalamu wa Kinorwei huhangaika kulitafsiri na ambalo Kiswahili nacho hakina neno moja la kulitosha. Sisi tukisema malisho tunamaanisha nyasi, au mahali penye nyasi. Guohtun ni malisho pamoja na theluji iliyo juu yake, yaani uwezekano wa mnyama kukifikia chakula siku hiyo, mahali hapo. Likeni zikiwa tele chini ya čuohki, ambalo ndilo lile bamba la barafu, guohtun ni mbaya. Likeni zikiwa za wastani chini ya seaŋáš, theluji ya chembechembe inayochimbika kama mchanga mkavu, guohtun ni nzuri. Ramani yangu ilionyesha ghala bila kusema kama mlango umefungwa.

Tangu hapo nimekuwa mchimba mashimo. Shimo la theluji huchimbwa hadi ardhini, ukuta mmoja ukasawazishwa, kisha kila tabaka hupimwa unene, ugumu, uzito na joto lake, na mfugaji tuliyeongozana naye hutaja jina la kila tabaka kwa Kisami kabla sijasoma vipimo vyangu. Mara nyingi jina hubeba habari ambazo kipimo hakina: theluji ilianguka udongo ukiwa umeganda au la, upepo ulitoka wapi, wanyama wamekwisha kupachimba na kupaacha au bado. Rada ya setilaiti hutusaidia kujua ni wapi theluji ililowa na lini, jambo ambalo mtu mmoja mwenye pikipiki ya theluji hawezi kulijua kwa eneo lote, lakini barafu nyembamba iliyo chini kabisa ni vigumu kuiona kutoka angani. Kwa hiyo tunaunganisha vyote viwili, na sioni aibu kusema kwamba rada ndiyo msaidizi.

Sasa nije kwenye hatua zenyewe. La kwanza linalopendekezwa kila barafu inapofunga malisho ni kuwalisha wanyama chakula cha kununua. Lilifanyika kwa kiasi kikubwa majira ya baridi ya 2019 kuingia 2020, kaskazini mwa Norwei ilipokuwa imeelemewa na theluji. Silibezi, kwa kuwa mnyama anayekufa leo hawezi kungoja sera ya kesho. Lakini tumbo la reindia aliyekula likeni tangu mwanzo wa baridi limejaa bakteria waliozoea likeni. Akipewa kwa ghafla chakula cha kiwandani chenye nafaka, tumbo la kwanza hujaa asidi, na akipewa nyasi kavu ilhali amekwisha kudhoofu, anaweza kufa huku tumbo limejaa. Wanyama waliokusanywa penye hori huambukizana magonjwa ya macho na vidonda vya mdomo, na hofu ya mikusanyiko iliongezeka baada ya 2016, ugonjwa hatari wa prioni, yaani wa protini zilizoharibika umbo, ulipogunduliwa kwa reindia wa mwituni wa milima ya Nordfjella, kusini mwa Norwei, ambako kundi zima la zaidi ya wanyama 2,000 liliteketezwa. Kuna na jambo ambalo halipimiki maabara: reindia aliyezoea kulishwa huanza kusikiliza mlio wa injini badala ya kutafuta malisho. Kulisha ni dawa ya dharura, na familia inayolazimika kuitumia kila mwaka inabadilika taratibu kutoka wafugaji wahamaji kuwa wanunuzi wa chakula cha mifugo, kwa gharama ambayo nyama haiirudishi.

Kinachonivutia zaidi ni maksai. Zamani makundi ya Wasami yalikuwa na madume wengi waliohasiwa, ambao hawakumaliza nguvu zao kupigana wakati wa kujamiiana, wakaingia majira ya baridi wakiwa wazito na watulivu. Maksai wa namna hiyo huivunja theluji ngumu ambayo jike mwenye mimba haiwezi, na mashimo yake hutumiwa na majike na ndama wanaomfuata. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 sera ya Norwei ililenga kuongeza nyama kwa kila mnyama: majike wengi, ndama kuchinjwa mapema, na maksai, kwa hesabu za ofisini, akaonekana mla bure. Katika hali ya hewa tulivu hesabu hizo ni sahihi. Mwaka wa barafu ukija, kundi la majike pekee halina wa kulifungulia mlango. Mradi wa EALÁT, utafiti kuhusu ufugaji wa reindia na mabadiliko ya tabianchi ulioendeshwa kutoka Kautokeino katika Finnmark wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2007–2008, ulilieleza hilo kwa vipimo na kwa maneno ya wafugaji wenyewe, na kwa maoni yangu ni moja ya matokeo muhimu kabisa ya utafiti wa aina hii, ingawa hakuna kampuni itakayolitangaza, kwa kuwa hakuna cha kuuza.

Njia nyingine ya zamani iko mitini. Ardhi ikifungwa, wafugaji waliyapeleka makundi kwenye misitu mikongwe, ambako likeni nyeusi kama ndevu huning'inia matawini na nyingine huangushwa na upepo. Likeni hizo huchukua miongo mingi kuenea, na msitu uliokatwa na kupandwa upya hauna. Nchini Uswidi, utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwamba misitu yenye likeni nyingi za ardhini nayo ilipungua kwa asilimia 71 katika muda wa miaka 60 hivi, hasa kwa sababu ya misitu ya biashara iliyopandwa kwa msongamano hadi mwanga haufiki chini. Mvua ya Januari inayowakuta wafugaji wa leo inawakuta wakiwa wamekwisha kunyang'anywa akiba. Mipaka nayo ilifanya sehemu yake mapema zaidi, kwani mwaka 1852 mpaka kati ya Norwei na Ufini, iliyokuwa chini ya Urusi, ulifungwa, na njia za kuhama zilizokuwa zikifikia malisho ya baridi ya ndani zikakatika kwa amri moja.

Hata juhudi za kupunguza joto la dunia zinaweza kula nafasi hiyo hiyo. Katika rasi ya Fosen ilijengwa mitambo 151 ya upepo, na sehemu yake ikaangukia malisho ya baridi. Mahakama ya rufani ilikuwa imeamua kwamba wafugaji walipwe fidia ili wawalishe wanyama ndani ya uzio wakati wa baridi. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei ilikataa kuiegemea hoja hiyo, ikatamka kwamba vibali vilikiuka haki ya Wasami ya kuishi utamaduni wao. Niliisoma hukumu hiyo kama mtaalamu wa lishe, nikafurahi kuona majaji wamelielewa tumbo la reindia kuliko baadhi ya washauri wa miradi.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kupunguza mifugo. Msomaji wa Tanzania atakuwa amekwisha kuusikia msemo wa kuvuna mifugo, na nilipokuja huku nilishangaa kuukuta katika lugha nyingine. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilimwamuru mfugaji mmoja kijana abaki na wanyama 75, idadi ambayo yeye alisema haitoshi kuendesha maisha. Siamini kwamba idadi haina maana, maana likeni inaweza kweli kulishwa kupita kiasi na ikachukua miaka mingi kurudi. Lakini mwaka wa čuohki kundi dogo lisilo na pa kuhamia hufa sawasawa na kubwa, na kundi lililokuwa dogo tangu mwanzo hubaki na majike wachache mno wa kujirudishia.

Kazi tunayoifanya sasa na ile siida ya ramani yangu ya kwanza ni ramani nyingine. Haina kijani. Ina miezi, ina majina ya theluji, ina mabonde yanayofungwa kwanza mvua ikitoka magharibi na vilima vinavyobaki wazi kwa kuwa upepo huvifagia, na ina vipande vya msitu mkongwe vilivyosalia kando ya njia ya kuhama, vichache kuliko nilivyotarajia. Wafugaji wameomba isichapishwe, kwa sababu ramani ya mahali pa kukimbilia ikiwa mikononi mwa mtafuta kiwanja au mchimba madini huwa ramani ya mahali pa kujenga. Mfadhili wa utafiti anataka data zote ziwe wazi kwa umma. Nimemwandikia kwamba nakala moja iko kwa mzee, kwa karatasi, na nyingine ninayo mimi.