Jirani hana hatia: gugu karoti liliingia na lori

Mama mmoja wa Lang'ata alinipigia simu akimlaumu jirani. "Daktari, magugu yake yameruka ukuta." Nilipofika, kwa jirani nilikuta nyasi tu, zimefyekwa vizuri. Kwa mama mwenyewe gugu karoti, gugu lenye majani kama ya karoti, lilikuwa limefunika matuta mawili, na ni hayo mawili tu yaliyotiwa samadi iliyoletwa na lori kabla ya mvua.

Mashtaka ya namna hii nimeyasikia sana Nairobi. Upepo hubeba mbegu, sikatai, lakini lori hubeba zaidi. Gugu karoti, lenye asili ya Amerika ya kitropiki, huanza kutoa maua wiki chache tu baada ya kuota, na mche mmoja ulionawiri waweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Mbegu zenyewe ni ndogo mno. Hunata kwenye matope ya magurudumu na huzolewa bomani pamoja na samadi.

Kufika si kazi. Kazi ni kupata nafasi. Palipofungwa na nyasi, mche mchanga hukosa mwanga ukafa. Palipochimbwa mtaro wa bomba au msingi wa nyumba, ardhi iko wazi, na mbegu zilizolala chini miaka kadhaa hupandishwa juu zikaona jua. Ndiyo maana kando ya kila barabara mpya magugu hutangulia miti ya kupandwa.

Gugu ninalolistaajabia zaidi ni kishona nguo. Ua lake moja hutoa mbegu za aina mbili. Zile ndefu za katikati hunasa kwenye suruali na manyoya, na huota upesi. Zile fupi za pembeni hulala, zikingoja msimu mwingine. Ukiling'oa hilo lililoota leo, akiba iko palepale ardhini. (Siku hiyo nilitumia robo saa kuzibandua kwenye soksi zangu.)

Magugu ya sangari na ndago hayahitaji hata mbegu. Jembe likikata mzizi wa sangari vipande vitano, kila kipande chenye kifundo chaweza kuwa mmea. Mtu anadhani analima, kumbe anapanda.

Nilimshauri mama ang'oe gugu karoti kabla halijatoa maua, avae glavu kwa sababu huwasha ngozi vibaya, na asilifyeke: likifyekwa huchipua tena. Samadi iliyobaki airundike, ainyweshe na kuigeuzageuza mpaka ichemke na kuiva. Joto hilo huua mbegu nyingi. Na lori jingine likija, asimwage shambani siku hiyohiyo. Ajaze debe moja, alimwagilie wiki mbili, aone kinachoota.

Debe ameliweka kando ya ukuta wa jirani. Juzi alinitumia picha: miche kumi na moja, yote ya gugu karoti.