Kutosheka: uamuzi wa kuacha kutafuta

Mwezi mmoja kabla ya Maulidi ya Lamu, shangazi yangu huanza kuulizia chumba cha wageni wake wa Tanga. Siku hizo za mwanzo masharti huwa mengi: kiwe mtaa wa Mkomani, kiwe orofani kipate upepo, kiwe na choo chake, na mwenye nyumba asiwe mtu wa maneno. Wiki mbili zikipita, hata Langoni ni kuzuri. Zikibaki siku tatu na maboti yanashusha watu gatini, huingia chumba chenye magodoro na maji, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Hiki chatosha." Akalipa.

Neno hilo lake ndilo dhana yenyewe. Katika elimu ya uamuzi, kutosheka ni namna ya kuchagua: unajiwekea kiwango cha chini unachoweza kukikubali, unakagua kimoja baada ya kingine, na cha kwanza kufikia kiwango ndicho unachokichukua. Hapo kutafuta kumekwisha. Shangazi hakuvipanga vyumba vyote vya Lamu kwa ubora ili achukue cha kwanza kwenye orodha. Hata idadi yake haijui.

Aliyeipa dhana hii umbo ni Herbert Simon, Mmarekani aliyezaliwa Milwaukee mwaka 1916 na kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Vitabu vya uchumi vya ujana wake vilijaa mtu mmoja wa ajabu: anajua kila njia iliyo mbele yake, anajua kila njia itamfikisha wapi, na ana mizani ya kuyapima yote kwa pamoja. Simon aliondoka vitabuni akaenda kuangalia ofisi. Mwaka 1935, akiwa bado mwanafunzi, alichunguza viwanja vya michezo vya mji wake wa Milwaukee. Vilikuwa chini ya mikono miwili, bodi ya shule na idara ya kazi za umma, na mikono hiyo haikukubaliana fedha zigawanywe vipi: kiasi gani kiende kwenye kutunza viwanja, kiasi gani kiwalipe wasimamizi wa michezo ya watoto. Kwa mujibu wa vitabu, ilitakiwa wapime faida ya kila dola ya mwisho upande huu na upande ule. Hakuna aliyepima. Mizani ya kupimia haikuwepo, na kila mmoja aliuona mji mzima kwa dirisha la idara yake. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya msikiti au ya shule atawatambua watu hao bila kupanda ndege kwenda Milwaukee.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba akili ya mtu ina mipaka: muda ni mfupi, habari hazikamiliki, na hesabu ni nyingi kuliko kichwa kinavyobeba. Kwa hiyo hatuchagui kilicho bora kuliko vyote, tunachagua kinachotosha. Mwaka 1956 alikitaja kitendo hicho kwa neno la Kiingereza, "satisfice", linalosikika kama ndoa ya maneno mawili, la kuridhika na la kutosha, na mpaka leo wasomaji wengi wa Kiingereza hulidhania kosa la chapa. Sisi ndoa hiyo hatuihitaji, kwa kuwa mzizi wetu ni mmoja. Kitu hutosha, mtu hutosheka. Kipimo cha nje na hali ya ndani vimekaa kwenye neno lilelile, na mama akimwambia mtoto "Yatosha!" amemwambia pia aache.

Lakini tusilichanganye na kukinai. Kukinai ni sifa ya moyo, jambo la kuombewa dua. Kutosheka kwa Simon hakusemi lolote kuhusu wema wa mtu. Mlafi naye hutosheka, ila kiwango chake kiko juu. Wala si uvivu. Simon na mwenzake James March waliwahi kutofautisha kutafuta ndani ya lundo la majani sindano iliyo kali kuliko zote na kutafuta sindano yenye ukali wa kutosha kushonea. Hapa petu mshonaji wa kofia za vito anaelewa tofauti hiyo haraka. Kofia moja inaweza kumchukua miezi. Sindano isiyotoboa vizuri ataitupa, kwa hiyo kiwango anacho, tena kikali. Asilolifanya ni kuzijaribu sindano zote za dukani. Fundi wa majahazi Matondoni naye akitaka mti wa mataruma, yaani mbavu za jahazi, hatafuti tawi lililopinda sawasawa na anavyolitaka. Hulichukua lililokaribia, yaliyobaki huyamaliza kwa tezo.

Kiwango chenyewe hakitulii. Ukipata vizuri mapema, kinapanda. Ukikosa mara kwa mara, kinashuka, kama cha shangazi. Na wapo wasiotosheka. Mwaka 2006 watafiti Iyengar, Wells na Schwartz walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo waliokuwa wakitafuta kazi. Waliosaka kazi iliyo bora kuliko zote walianza na mishahara ya juu kwa takriban asilimia 20. Ndio pia waliokuwa na kinyongo zaidi na kazi walizopata. Mimi ningeichukua hiyo asilimia 20, lakini hilo ni shauri langu.

Mashirika hutosheka kwa maandishi. Chukua kwotesheni tatu, yaani bei zilizoandikwa na wauzaji watatu. Katika ununuzi wa umma nchini Kenya, njia ya kuomba bei hudai waombwe angalau watu watatu. Hakuna anayeamini kwamba duka lenye saruji nzuri na rahisi kuliko zote nchini limo kila mara ndani ya hao watatu. Tatu ni mahali pa kusimama palipokubaliwa, ili karani asitafute milele na asiishie kwa binamu yake. (Binamu huingia hata hivyo. Huleta zote tatu.)

Kasoro ya njia hii ni mbili. Ya kwanza, mpangilio huamua: kilichotangulia kuonekana kikivuka mstari, kizuri zaidi cha nyuma yake hakitaonwa kabisa. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni nani aliyeuchora mstari. Shangazi anajichorea mwenyewe, na akikosea atalaumiwa na wageni wake. Shirika linaweza kuuchora kwa niaba ya watu wengine.

Lamu tumeliona hilo. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050 hivi. Kutoa leseni ni kusema kwamba yaliyofanywa yametosha, pamoja na kuwasikiliza wananchi. Mikutano ilikuwa imefanyika kweli. Jumuiya ya wakazi ya Save Lamu na wenzao walikata rufaa, na moja ya hoja zao ilikuwa hiyo ya mikutano: watu waliitwa mapema, kabla tathmini ya athari haijakamilika, kwa hiyo waliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hawajaonyeshwa. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilikubaliana nao kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Leseni ikafutwa, na kampuni iliyopewa leseni hiyo ikaambiwa kwamba ikiutaka bado mradi huo, ifanye tathmini upya.